Mikono Miwili, Watoto Wanne



Ukifungua kitabu chochote cha methali katika maktaba ya shule yako, huenda ukaikuta hii: mkono mmoja haulei mwana. Mmeulizwa maana yake katika mitihani mara nyingi, nanyi hujibu kama tulivyowafundisha, kwamba malezi ni kazi ya ushirikiano. Mnapewa alama mbili, basi. Hakuna mtahini anayewauliza swali nililojiuliza mimi Jumamosi moja ya likizo, nikiwa nimesimama kando ya barabara katikati ya Kampala, watoto wawili nimewashika mikono na wawili wengine wameshika suruali yangu: huo mkono wa pili ni wa nani?

Safari yenyewe ilianzia kwenye daftari. Kifunguamimba wangu, binti wa miaka tisa, alikuwa akirudia somo lake la Maarifa ya Jamii. Alikuwa ameandika kwamba Kampala ndio mji mkuu wa Uganda, na kwamba jina lake lilitokana na swala waliokuwa wakilisha juu ya vilima vyake. Kisha akainua kichwa.

“Baba, mji mkuu ni wa nani?”

Nikamjibu upesi, kama walimu wajibuvyo wakiwa na rundo la kusahihisha mbele yao: “Ni wetu sote.”

“Basi mbona mimi sijawahi kwenda?”

Tunaishi Jinja, mwendo wa kilomita 80 hivi kutoka huko. Sikuwa na jibu, nikatoa ahadi. Ahadi ni deni, na wadai wangu walikuwa wanne: binti huyo, mdogo wake wa kiume mwenye miaka saba, mpwa wangu wa miaka sita aliyekuja kwetu kwa likizo, na kitindamimba wa miaka mitatu. Mama yao alikuwa zamu kazini siku hiyo. Naomba ulikumbuke hilo, maana kutwa nzima niliulizwa na watu nisiowajua, “Mama yao yuko wapi?” Hakuna aliyewahi kumwuliza mke wangu, anapokuwa njiani na watoto hao hao, baba yao yuko wapi.

Tuliondoka alfajiri. Kwetu Uganda, teksi ni gari la abiria 14, lile ambalo jirani zetu huliita matatu au daladala. Kondakta alinihesabia nauli ya mtu mmoja, akanishauri niwapakate watoto wote. Kupakata ni kitenzi kizuri, kina upendo ndani yake. Lakini mtu ana mapaja mawili tu. Nikalipia viti vitatu, naye akanitazama kama mtu anayetupa fedha mtoni. Kuhusu njia sina mengi ya kusimulia. Msitu wa Mabira uliwanyamazisha. Namawojjolo, ambako wachuuzi hukimbilia madirishani na kuku wa kuchoma na ndizi za gonja, kukawaamsha. Kabla hatujafika Mukono mpwa wangu akatapika ndani ya mfuko ambao mke wangu alikuwa ameutia katika mkoba wangu bila kuniambia.

Kituo kikongwe cha teksi cha Kampala kiko bondeni, chini ya kilima cha Nakasero. Mtu mzima anayekifikia kwa mara ya kwanza huona paa za magari zilizobanana, nyeupe zenye mistari ya samawati, hata asijue gari la nyuma litatokaje. Mtoto wa miaka mitatu haoni paa hata moja. Nilichuchumaa kumfunga kiatu kitindamimba, nikajikuta ninatazama kile anachokitazama yeye: magurudumu, moshi unaotoka kwenye mabomba, magoti ya watu, kingo za mikokoteni. Moshi ule ulikuwa usawa wa pua yake. Nimepita katika kituo hicho tangu nilipokuwa mwanachuo wa ualimu, na sikuwahi kulijua hilo.

Tulitoka langoni tukiwa mnyororo. Kulia nilimshika kitindamimba, kushoto mpwa. Binti akamshika mpwa mkono wa pili, na mwanangu wa kiume akaamriwa asiiachie suruali yangu hata kama anga litaanguka. Lakini njia ya waendao kwa miguu ilikuwa imetandazwa viatu, mashati na nyanya, na pikipiki mbili zilikuwa zimeegeshwa juu yake. Palipobaki nafasi ya mtu mmoja, mnyororo wa watu watano haupiti. Tukashuka barabarani, kwenye magari, kama wanavyofanya watu wote. Siwalaumu wachuuzi. Mama aliyepanga nyanya zake pale naye ana watoto wa kulisha, na yamkini alikuwa na mmoja mgongoni alipokuwa akizipanga. Lawama yangu ni kwa mipango inayomweka yeye na mwanangu kugombea hatua tatu za saruji, huku gari moja lililoegeshwa likipewa nafasi ya watu kumi.

Kisha tukafika kwenye kivuko. Mistari ya pundamilia ilikuwa imelika kwa magurudumu, ikabaki kivuli chake. Kwa mujibu wa kanuni za barabarani, anayevuka hapo ndiye mwenye haki ya kupita, na dereva hana budi kumsubiri. Tulisimama. Mwanangu, ambaye hupenda kuhesabu, alianza kuhesabu magari na pikipiki ambazo hazikusimama. Alipofika 43 akachoka. Kila nilipoutanguliza mguu mmoja pikipiki iliupinda, na kila nilipourudisha kitindamimba alidhani tunacheza, akacheka.

Aliyetuvusha alikuwa mchukuzi, mzee aliyebeba gunia la vitunguu mgongoni. Alitutazama mara moja, akaingia katikati ya barabara na gunia lake, akainua mkono. Magari yakasimama. Akasema kwa Kiganda, “Taata, vuka na wanao.” Taata ni baba, ndivyo mwanamume mwenye watoto aitwavyo kule hata na mtu aliyemzidi umri. Nilimshukuru kwa moyo wote, naye akaenda zake, wala hakusubiri chochote.

Hasira ilinijia baadaye, hatua mia moja mbele. Haikuwa juu ya mzee. Mzee yule, na mzigo wake mgongoni, alikuwa amefanya kazi ya kopo la rangi nyeupe.

Nataka mnielewe hapa, maana katika somo la uraia maneno mawili huchanganywa mno: hisani na haki. Hisani ni jambo ambalo mtu asipokutendea huna pa kumshtaki. Haki ni jambo ambalo usipotendewa una pa kwenda. Sisi watu wa eneo hili tuna hisani nyingi, na tunajivunia. Mtoto akianguka sokoni, wanawake wanne humwinua kabla mama yake hajageuka. Kwa sababu hiyo hatuulizi kwa nini palikuwa na shimo. Methali ya mkono mmoja tumeifanya kuwa sifa ya jirani mwema, tukamsahau mlezi mwingine ambaye tumemwajiri sisi wenyewe na kumlipa kwa kodi zetu. Nadhani mkono wa pili, tukiwa jijini, ni wa jiji. Ama unapaswa kuwa.

Sisemi kwamba Kampala haijawahi kuwafikiria waendao kwa miguu. Upande wa Barabara ya Namirembe na Mtaa wa Luwum pametengenezwa njia ya watu wa miguu na wa baiskeli, na tulipofika hapo mnyororo wetu ukanyooka tena. Binti alisoma kibao na kutaka kujua Luwum ni nani. Nikamweleza kwa maneno mepesi kadiri nilivyoweza: alikuwa Askofu Mkuu Janani Luwum, alimwambia mtawala ukweli, akauawa mwaka 1977, wakati wa Idi Amin. Akanyamaza kidogo. Akauliza kama Amin naye ana mtaa. Mazungumzo ya namna hiyo hayawezekani pale ambapo kila sentensi ya mzazi ni “angalia!” Katika Mtaa wa Luwum nilipata kama dakika tatu za kuzungumza na mwanangu kama binadamu.

Naja kwenye jambo ambalo waandishi wa makala hulikwepa kwa kuona haya. Haja ya mtoto wa miaka mitatu haina miadi. Kitindamimba aliitangaza kwa sauti mbele ya duka la vitambaa. Mwenye duka akasema choo ni cha wafanyakazi. Mlinzi wa jengo la pili akasema ufunguo uko kwa meneja, na meneja ameenda kula. Ilikuwa saa nne na nusu asubuhi. Jengo la tatu hawakusema kitu, walitikisa kichwa tu. La nne lilikuwa na choo cha kulipia, chini kabisa, mwisho wa ujia usio na taa. Tukalipishwa kila kichwa, pamoja na mimi niliyeshika mlango tu.

Hapo pakazuka tatizo ambalo sikuwa nimeliwaza kamwe. Binti yangu ana miaka tisa. Siwezi kuingia naye upande wa wanawake. Hawezi kuingia nami upande wa wanaume. Wala sikuwa tayari kumwacha aingie peke yake mahali pale penye giza. Tulisimama wote watano tukitazamana. Mwishowe mwanamke anayetunza vyoo alimshika mkono, akaenda naye, akamngoja, akamrudisha ameshanawa. Ni hisani tena. Ukiniuliza jiji lililostaarabika ni lipi, sitakutajia urefu wa majengo yake. Nitakuuliza kama baba anaweza kutembea humo na binti yake mdogo kuanzia asubuhi hadi jioni bila kumwambia asinywe maji. Maana ndivyo nilivyofanya baadaye, na ninaona aibu kuandika: juani, saa saba mchana, nilimnyima mtoto maji kwa kuhofia choo.

Tulipanda hadi Mnara wa Uhuru. Uko kwenye Barabara ya Nile, nao ulisimamishwa kwa ajili ya uhuru wetu wa mwaka 1962. Mchongaji wake, Gregory Maloba, alikuwa mzaliwa wa Kenya aliyefundisha sanaa katika Chuo Kikuu cha Makerere. Kwa hiyo hata sanamu ya uhuru wa Uganda ni kazi ya Afrika Mashariki. Kama hujauona, ni mama aliyesimama, mwili wake umezungushiwa vifungo, amemwinua mtoto juu kabisa kwa mikono miwili. Niliwaeleza kama tunavyoeleza siku zote, kwamba mama ni nchi, na mtoto ni taifa jipya lililozaliwa huru.

Mwanangu alimtazama kwa muda mrefu. “Mbona ana mtoto mmoja tu?”

“Ndiyo maana ameweza kumwinua,” dada yake akamjibu.

Kuna nyasi nzuri katika sehemu hiyo ya jiji. Sitataja tulipokaa. Tulitandaza kanga, tukala chapati na mayai tuliyoyabeba kutoka nyumbani, na watoto, ambao walikuwa wameshikwa mikono tangu alfajiri, wakaanza kukimbia. Haikupita hata dakika moja, filimbi ikapulizwa. Mlinzi alikuja, kijana mpole wala si mkali, akasema hairuhusiwi kukimbia juu ya nyasi. Nikamwuliza watoto wakimbilie wapi. Akafikiri kwa dhati, kama mtu asiyewahi kuulizwa swali hilo, akasema, “Nyumbani.”

Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Mtoto, wa mwaka 1989, unataja katika ibara ya 31 haki ya mtoto ya kupumzika na kucheza. Uganda iliuridhia mwaka 1990. Mimi niliwafundisha wanafunzi wangu ibara hiyo kwa miaka kadhaa kana kwamba inahusu watoto wa mahali pengine. Katikati ya Kampala kuna hata uwanja uliopewa jina la Katiba yenyewe, na kwa miaka kadhaa baada ya maandamano ya mwaka 2011 waliokuwa wakiutumia zaidi walikuwa polisi waliowekwa kuulinda usitumike. Ninaelewa hoja za usalama. Lakini mtoto hujifunza maana ya neno “umma” kwa miguu, muda mrefu kabla hajalisoma kitabuni, na akifukuzwa kila penye nyasi ataelewa kwamba mali ya umma ni mali ya mtu mwingine.

Kutoka pale tulitaka kwenda Kitante, kwenye Makumbusho ya Uganda. Mwendesha bodaboda mmoja alijitolea kutubeba sote watano kwa safari moja. Alikuwa hatanii, alinionyesha mpangilio: mdogo mbele juu ya tangi, mimi nyuma kabisa, watatu kati yetu kama mkate. Sheria inamruhusu abiria mmoja. (Mnajua asili ya neno hili, natumaini: lilizaliwa kwenye mpaka wetu na Kenya, ambako waendesha baiskeli walivusha watu kutoka mpaka hadi mpaka, nalo neno la Kiingereza la mpaka likarudiwa mara mbili hadi likawa letu.) Nilikataa. Hata hivyo nakiri kwamba nilitafakari kwanza, na ninawajua wazazi ambao hawana nauli ya kuwawezesha kutafakari.

Makumbusho yale yalianzishwa mwaka 1908, na hakuna ya kale kuliko hayo katika Afrika Mashariki. Jengo la sasa ni la mwaka 1954. Ningeweza kuandika makala nzima juu ya saa mbili tulizokaa huko, lakini saa njema hazina mengi ya kusimuliwa. Palikuwa na kivuli. Palikuwa na choo. Palikuwa na ngoma na marimba, na nyuma ya jengo nyumba zilizojengwa kwa mitindo ya jamii mbalimbali za nchi, ambamo kitindamimba aliingia na kutoka, akaingia na kutoka, akitukaribisha kila mara kama mwenye nyumba. Mtumishi aliyetuongoza hakunisemesha mimi. Aliwasemesha wao. Alimwuliza mpwa wangu anadhani ngozi ya ngoma ile ni ya mnyama gani, akalisubiri jibu, na jibu lilipokosewa akalifikiria kwa heshima. Nililipa kiingilio, kwa hiyo sisemi ilikuwa bure. Ninasema tu kwamba jambo hili linawezekana Kampala hii hii, chini ya serikali hii hii na kwa bajeti hii hii tunayoambiwa haitoshi.

Sasa nikiri kosa langu.

Tulirudi kituoni jioni, wakati ambapo jiji zima linataka kupita katika lango lile moja. Watoto walikuwa na njaa. Nilisimama kununua mahindi ya kuchoma. Ili kutoa fedha mfukoni niliuachia mkono wa mpwa wangu, nikamwambia shika hapa, nikimwonyesha mkoba. Nilihesabu chenji. Nilipogeuka niliona vichwa vitatu.

Sitaeleza dakika zilizofuata kwa urefu. Ninajua zilikuwa tisa, kwa sababu mwanangu, mhesabuji, alitazama saa yangu. Nililiita jina lake mpaka sauti ikakauka. Sikuweza kukimbia kumtafuta, kwa kuwa nilikuwa na watatu wengine, na kumwacha hata mmoja wao pale kungekuwa kupoteza wawili. Nilizunguka nikiwaburuta. Nilikuwa nikitunga moyoni maneno ya kumwambia dada yangu, na kila sentensi niliyoianza haikuwa na mwisho.

Tulimkuta karibu na lango, mkono wake umo ndani ya mkono wa askari wa trafiki, mwanamke mwenye sare nyeupe. Hakuwa akilia. Alikuwa akimweleza kitu. Askari yule hakuwa mtu wa sehemu za kwetu. Baadaye aliniambia kwao ni Arua, kaskazini-magharibi, na kwamba Kiganda chake ni cha kununulia chakula tu. Wala hajui Kisoga, ambacho ndicho mpwa wangu huzungumza nyumbani kwao. Lakini kwa wiki tatu za likizo mtoto yule alikuwa amecheza nyumbani kwangu, ambapo mchezo wa kujificha na kutafutana huchezwa kwa Kiswahili, kwa amri yangu. Akamwendea askari, akamwambia, “Nimepotea. Mjomba wangu ni mwalimu.”

Inafaa mjue, ninyi mnaojifunza lugha hii, kwa nini magoti yangu yaliishiwa nguvu niliposikia hivyo. Mama yangu alikulia katika miaka ambayo Kiswahili nchini Uganda kilikuwa sauti ya mwenye bunduki. Watu walipokisikia njiani usiku, walizima taa. Hadi leo wapo wazazi wanaoniambia, kwa adabu, kwamba ninawafundisha watoto wao lugha ya askari na ya wezi. Katiba yetu, ilivyorekebishwa mwaka 2005, inakitaja Kiswahili kuwa lugha rasmi ya pili, lakini hofu haiondolewi na ibara. Na sasa mtoto wa binti yake, aliyepotea, alikuwa ameitumia lugha hiyo kumwendea askari, si kumkimbia. Sijui ni kiasi gani cha jambo hilo ni kazi ya lugha, na ni kiasi gani ni kazi ya uso wa mwanamke yule. Sitaki kulikuza kupita kiasi. Ningekuwa Mmasai au Mluo pengine ningelisimulia kwa namna nyingine. Lakini nimekuwa mwalimu kwa zaidi ya miaka kumi, na sijawahi kuona somo langu likifanya kazi kwa dhahiri namna ile.

Askari hakunipongeza. Alinitazama, akawatazama wanne, akasema, “Mwalimu, mikono miwili, watoto wanne. Ulitegemea nini?” Kisha akaongeza, kwa upole, “Siku nyingine waache nyumbani.”

Ndani ya teksi ya kurudi kitindamimba alilala kabla hatujatoka nje ya jiji. Nilimwuliza binti swali alilonipa mwenyewe: sasa amekwishaiona, Kampala ni ya nani? Hakufikiri sana. “Ni ya magari,” akasema, akageukia dirisha.

Nimelitafakari neno la askari tangu siku hiyo. Hesabu yake ilikuwa sahihi, na kosa lilikuwa langu, sijitetei. Lakini hitimisho lake ndilo hitimisho la kila niliyekutana naye: la kondakta, la mlinzi wa nyasi, la meneja mwenye ufunguo. Waache nyumbani. Takribani nusu ya wananchi wa Uganda hawajafikisha miaka 18. Hawapigi kura, hawaendeshi magari, hawalipi kodi ya jengo, kwa hiyo anayepanga barabara hana sababu ya kuwaogopa. Tukiwaacha nyumbani, barabara zitaendelea kupangwa kana kwamba hawapo. Kisha siku moja wanatimiza miaka 18, na tunawataka wamchague meya wa jiji ambalo hawajawahi kutembea humo wakiwa na akili tulivu.

Mwenzangu mmoja wa shuleni aliyesikia habari hii alinipinga. Alisema jiji lenye mafuriko, foleni na taka haliwezi kuanza kufikiria mahali pa kukimbilia watoto. Ni hoja nzito. Mwezi Agosti 2024 dampo la Kiteezi, nje kidogo ya Kampala, liliporomoka juu ya nyumba za watu na kuua wengi, watoto wakiwamo. Mbele ya msiba kama huo, mistari ya pundamilia ni jambo dogo. Lakini nilimwuliza mwenzangu, na ninakuuliza wewe: waliokuwa wakiishi chini ya mlima ule wa taka ni nani, kama si hao hao tusiowahesabu? Jicho lisilomwona mtoto kwenye kivuko halimwoni kwenye dampo pia. Tena rangi si ghali. Benchi si ghali. Ufunguo wa choo si ghali hata kidogo. Upo tayari, mfukoni mwa mtu.

Mamlaka ya Jiji Kuu la Kampala ina tarafa tano, na kila tarafa ina baraza lake la madiwani waliochaguliwa. Halmashauri yetu hapa Jinja nayo ina madiwani wake, na ya kwenu hali kadhalika. Nimekwisha kuandika barua yangu, juu ya kivuko cha mbele ya shule ya msingi anakosoma mwanangu, kwa kuwa mwenye kulia juu ya Kampala hana budi kuanza na mlango wake. Bado sijajibiwa. Nitaandika ya pili.

Nanyi mna kazi kabla ya kipindi chetu kijacho. Nenda kwenye kivuko kilicho karibu na shule yako, saa ambayo watoto wadogo wanatoka. Simama dakika 15. Hesabu vyombo vya moto vilivyosimama kumpisha mtoto, na visivyosimama. Kama hapana kivuko, hesabu watoto waliovuka wakikimbia. Usiandike insha, niletee tarakimu hizo mbili, jina la barabara, na jina la diwani wa eneo hilo. Kama hulijui jina la diwani, uliza nyumbani. Na kama nyumbani nako halijulikani, andika hivyo.